Ziwa Lililokamuliwa Ukutani

Ulikuwepo. Usijifanye hukuwepo. Ulikaa kwenye lile jamvi kwa Mzee Mbaruku, Mnyuzi, ukashika kikombe cha chai ya tangawizi, na binti wa watu alipoulizwa swali ukaanza kutazama mabati kana kwamba yanavuja. Kama hukuwa Mnyuzi, basi ulikuwa kwenye jamvi lingine, Mombo au Sindeni au hukohuko kwenu, maana jamvi hili limetandikwa kila mahali na wewe hujawahi kulikosa. Umegeuza uso maisha yako yote, ukauita mchezo huo adabu.

Sasa kaa hapohapo. Leo utatazama.

Binti mwenyewe anaitwa Tatu. Kwao Misima, wilaya ya Handeni, kwa watu wa jembe: mahindi, mihogo, na michungwa michache nyuma ya nyumba. Alipopevuka, ziwa la kushoto lilitangulia na la kulia likabaki nyuma. Akalisubiri lifike, kama mtu anavyomsubiri mwenzake njia panda. Halikufika. Wenzake kisimani walisema alimchokoza yule mdudu mweusi anayezunguka juu ya maji, ambaye wasichana huambizana kwamba akikuuma unakua haraka, na kwamba alimpa upande mmoja akasahau wa pili. Walicheka. Naye akacheka, tena kuliko wote, ili asijulikane ameumia.

Akawekwa ndani, akachezwa ngoma. Kungwi alimfundisha namna ya kumsalimia mkwe, namna ya kupita mbele ya wanaume, namna ya kunyamaza. Hasa kunyamaza. Kuhusu kifua chake yule mama alikohoa tu, akaivuta kanga ikapanda hadi shingoni, akasema, "Ya ndani hayatoki nje, mwanangu." Ikaishia hapo. Mama yake mzazi alikuwa mlangoni, akayasikia maneno hayo, akaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Basi Tatu akajitibu mwenyewe. Alichana godoro bovu lililotupwa uani, akakata kipande cha sponji, akakizungushia kitambaa cheupe, akakishonea ndani ya sidiria upande wa kulia. Wakati wa kiangazi kilimwasha. Masika kilikunywa mvua kikawa kizito, ukawa upande mdogo ndio unaoning'inia. Alipokifua alikianika ndani ya foronya, jua likione na watu wasikione. Hakuvaa tena nguo ya kubana. Hakuoga na wenzake mtoni. Alipokumbatiwa aligeuka ubavu. Mtu anaweza kuishi hivyo miaka mingi na watu wakasema ana maringo.

Sadala, mtoto wa Mzee Mbaruku, alimpenda hivyohivyo na maringo yake. Kijana mpole, mkata mkonge, viganja vimejaa makovu ya miiba. Usiku wa kwanza alijua, na hakusema kitu. Tatu akauchukua ule ukimya akaukumbatia kama zawadi, akalala akimshukuru Mungu kwa kumpa mume mwenye huruma. Hakujua bado ukimya ule ungekuja kumfanyia nini.

Akajifungua mtoto wa kike hospitali, salama, mtoto wa kilio kikubwa. Wakamwita Ikram. Akarudishwa Mnyuzi kwa wakwe kukaa siku arobaini za uzazi, na asubuhi ya kwanza mama mkwe, Bi Mwanaidi, akamwingiza bafuni kumkanda kwa maji ya moto kama desturi ilivyo. Kwenye kukandwa hakuna kanga wala sponji. Mzazi anavuliwa kila kitu.

"Eh!" Bi Mwanaidi aliacha kitambaa kikatumbukia kwenye ndoo. "Eh-eh! Hii nini tena, mwanangu?"

Tatu akanyamaza, kama alivyofundishwa.

"Nakuuliza wewe. Hili la mama mtu na hili la mtoto wake? Umekua nayo au umeyaokota njiani?"

"Nimekua nayo, mama."

"Na mwanangu anajua?"

"Anajua."

"Haya. Mwanamume akishaoa ameoa, soko halirudishi mbuzi." Bi Mwanaidi akacheka, na Tatu naye akaona afadhali, kumbe yataishia kwenye utani. Kisha bibi yule akaliminya lile dogo. Likatoa yale maziwa ya mwanzo, mazito, ya manjano. Kicheko kikakatika.

"Hayo si maziwa. Huo ni usaha. Ziwa lililodumaa linadumaza. Mtoto asiliguse hilo, umenisikia? Akilinyonya naye atabaki nusu."

"Nimesikia, mama."

Usikimbilie kumwita Bi Mwanaidi mchawi. Alizika watoto wawili kabla ya kumpata Sadala, na hapakuwa na daktari wala mwalimu wala sheikh aliyekaa naye chini akamweleza walikufa na nini. Akajitungia sababu. Mtu aliyefiwa hawezi kulala bila sababu. Zile sababu ndizo alizomrithisha mkwe wake pale kwenye ndoo, na mkwe akazipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa yeye mwenyewe tangu usichana alilichukia ziwa lile. Kuambiwa ni bovu ilikuwa kama kuambiwa alichokijua siku zote.

Ila ziwa lenyewe halikupewa habari. Halikujua kwamba ni bovu. Maziwa yalishuka, yakajaa, yakadondoka. Kila Ikram alipolia, upande wa kulia ulimiminika ukalowesha sponji, ukanuka maziwa ya mgando. Lilimuuma. Basi ikawa kila alfajiri, kabla watu hawajaamka kuswali, Tatu anatoka peke yake, anaingia nyuma ya bafu lililoezekwa mabua, anajikamua kwenye ukuta wa udongo. Maziwa meupe, mazuri. Ukuta ukanywa. Sisimizi wakapiga foleni. Ndani ya nyumba, Ikram analia njaa.

Rudia kuisoma sentensi hiyo ya mwisho.

Ziwa la kushoto lilifanya kazi ya mawili. Chuchu ikachanika. Akawa ananyonyesha ameuma upindo wa kanga, na mtoto akimwachia kabla hajashiba yeye anashukuru. Bi Mwanaidi akaona ziwa moja halitoshi, akaanza kumpa mjukuu uji mwembamba wa mahindi kwa kijiko. Ikram akaanza kuhara. Mashavu yakashuka, macho yakakua, kichwa kikawa kikubwa kuliko mwili.

Tatu akampeleka kliniki. Wakamning'iniza mtoto kwenye mzani kama nyama. Muuguzi wa siku ile hakuinua uso.

"Mama, mtoto amepungua. Mnyonyeshe vizuri. Mwingine!"

"Samahani, nesi, nilikuwa nataka ku..."

"Mwingine!"

Ukutani palikuwa na picha ya mama anayenyonyesha. Kifua chake kimekaa sawasawa, kama machungwa mawili yaliyochaguliwa kupelekwa Dar. Tatu alimtazama yule mama wa kwenye karatasi, akajifunga kanga, akatoka.

Sasa sikiliza namna tunavyoua. Kwetu huku mtoto mchanga akikonda, watu hawaulizi amekula nini. Wanauliza mama yake amelala wapi. Wanasema mtoto amebemendwa: kwamba mmoja wa wazazi ametoka nje ya ndoa, akarudi akamshika mtoto na jasho la mtu mwingine. Wanasema mmoja wa wazazi. Lakini hata mwenye kumbukumbu ndefu hapati mwaka hata mmoja ambao baba aliitwa jamvini kujibu.

Akaitwa Tatu. Jamvi likatandikwa, chai ikamiminwa, ukakaa. Mzee Mbaruku mbele, Bi Mwanaidi pembeni na mjukuu mapajani, Sadala karibu na mlango, na jirani yao Mama Muhsin, ambaye usingizi wake ni mwepesi na mdomo wake ni mwepesi zaidi.

"Tatu, mwanangu," Mzee Mbaruku alianza kwa upole, na ule upole ndio uliomtisha. "Hatukukuita kukugombeza. Mtoto anaondoka huyu. Mganga amesema dawa ipo, ila haichanganyiki bila jina. Tupe jina tu la huyo mtu. Hatutamfuata, hatutakupiga."

"Hakuna mtu, baba."

"Na kila alfajiri unakwenda wapi?" Mama Muhsin aliuliza huku akiikoroga chai iliyokwishakorogwa.

"Bafuni."

"Bafuni! Mimi nina kisukari na siendi bafuni hivyo."

Mkacheka. Ndiyo, hata wewe, kicheko cha puani.

"Tena ndoo habebi," Mama Muhsin akamalizia. "Anaoga kwa umande?"

Tatu alimtazama mama mkwe. Bi Mwanaidi alikuwa amemfunika mtoto mpaka kichwani. Alikuwa amemkataza ziwa lile, lakini hakuwahi kuuliza maziwa yake yanakwenda wapi. Akamtazama mumewe. Sadala alikijua kile kifua. Neno moja lake lingetosha: mke wangu anakwenda kujikamua. Lakini katika nyumba ile mke hapiti mbele ya baba mkwe kichwa wazi, na mwana hatamki mbele ya baba yake jina la kiungo cha mkewe. Sadala alikuwa ameinamia kiganja chake, anachokonoa mwiba wa mkonge ambao huenda haukuwepo. Na Tatu akaelewa jambo la ajabu: kwenye jamvi lile ni halali kwake kumtaja mwanamume wa nje. Haramu ni kulitaja ziwa.

Akayapitisha majina kichwani. Yule kijana wa bodaboda. Muuza duka wa stesheni. Mwalimu mmoja wa madrasa aliyewahi kumsalimia vizuri. Angeharibu maisha ya mtu, sawa, lakini Ikram angepata dawa. Kama jina lingemponya mtoto angelitoa, hata mbele ya msahafu. Akafungua mdomo. Wote mkasogea. Halafu akawaza: dawa ikichanganywa na jina la uongo, si itamuua? Kwa maana naye aliamini. Usidhani alikuwa na akili kuliko wenzake; alikuwa mtoto wa hukuhuku.

Akafunga mdomo.

"Haya," akasema Mzee Mbaruku, na sauti yake ikawa imezeeka. "Basi akapumzike kwao."

Ukamaliza chai yako, ukaaga.

Kesho yake Sadala aliwapeleka Korogwe kwa pikipiki ya kuazima. Njia nzima Tatu alimshika mumewe kiunoni kwa mkono mmoja, mtoto kwa mkono wa pili, na hawakuzungumza. Stendi, akamweka kwenye gari la Handeni, dirishani. Akasimama chini, mikono mfukoni.

"Ukishuka Misima utabipu."

"Sadala."

"Nini?"

"Wewe si unajua nilikuwa nakwenda kufanya nini alfajiri?"

Sadala akatazama huku na huku, kana kwamba stendi nzima ilikuwa ni baba yake. "Mambo hayo hayazungumzwi hapa," akasema. "Nawahi zamu." Akaondoka kabla gari halijajaa.

Gari za Handeni haziendi mpaka zishibe watu. Jua likapanda. Ziwa la kushoto lilikuwa limeamka na moto siku ile. Limevimba, limekakamaa kama jiwe la kusagia, lina mchirizi mwekundu unaopanda kwapani. Ikram akalia. Akampa kushoto. Mtoto alipobana, Tatu aliona giza, akamtoa. Ikram akapiga ukelele wa kupasua bati. Abiria wakageuza shingo zao upande wa pili wote kwa pamoja, kama mahindi upepo ukipita.

"Mama mtoto, si umnyonyeshe!" Aliyesema ni Edna, muuza chai na mihogo ya kuchemsha pale chini ya dirisha. "Unatufukuzia wateja."

Tatu akashuka. Akazunguka nyuma ya kibanda cha Edna, akakalia kreti la soda, mgongo kwa watu. Mtoto alikuwa ameanza kulia bila machozi. Kushoto hapakugusika. Kulia palikuwa pamelowa hadi kwenye dera, tangu Mnyuzi. Hakuamua kitu, msiseme alikuwa shujaa. Hakuwa na njia nyingine, basi. Akaingiza mkono, akaling'oa lile sponji, likamponyoka likaanguka vumbini, likalala pale jeupe na limelowa, hadharani.

Kondakta alikuwa anapita. Akaliokota kwa ncha za vidole, akalinyanyua juu.

"Oya, wazee! Nani kapoteza godoro? Godoro huku, bado bichi!"

Stendi ikacheka. Wapiga debe, wauza maji, abiria madirishani. Kisha mmoja akaona lilikotoka, akanyamaza, na wa pili akanyamaza, na mara hapakuwa na mtu hata mmoja stendi nzima ya Korogwe aliyekuwa na macho. Kondakta akalirudisha chini taratibu, akajifuta kwenye suruali. Edna akamfokea, "Shenzi we, huna mama?" lakini hata yeye alifoka huku akitazama sufuria.

Tatu hakugeuka. Kwa wakati huo Ikram alikuwa amelipata. Alivuta, akaachia, akalia, akavuta tena kwa hasira. Kisha akatulia, na Tatu akasikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia upande ule: koo dogo likimeza. Linameza, linapumzika, linameza. Maziwa yaleyale ya ukutani. Mtoto akakunjua ngumi yake, akakiweka kiganja wazi juu ya ziwa dogo.

"Handeni, Handeni, tunaondoka! We dada, panda!"

Asingeweza kumbandua mtoto. "Nishushie mfuko wangu," akasema bila kugeuka. Wakautupa chini. Gari likaenda.

Akabaki pale kreti lilipokuwa, nyuma ya moshi wa kibanda, akilia na kutetemeka. Hakuwa na wa kumwambia. Jambo kubwa kuliko yote lililowahi kumtokea lilikuwa limetokea nyuma ya masufuria, na shahidi wake alikuwa mtoto asiyejua kusema.

"Una homa wewe," Edna akasema baadaye, akimpa chai kwa mkono wa nyuma. "Unatetemeka na jua lote hili. Nenda hospitali." Akamwonyesha njia kwa mwiko, akarudi kwa wateja.

Hospitali alikaa kwenye benchi mpaka zamu yake ikafika. Muuguzi aliitwa Loyce, Msambaa mfupi mwenye sauti ya kwaya. Akamuuliza anaumwa nini. Tatu alikuwa amejiandaa kusema homa. Badala yake akasikia kinywa chake kinasema:

"Naomba unitazame. Yote mawili."

Loyce akavuta pazia. Akanawa mikono. Akatazama, na hakukohoa wala hakucheka. Akagusa kulia, akagusa kushoto, akainua mkono wa Tatu akapapasa makwapa. Tangu Tatu awe mwanamke, mtu hakuwahi kumtazama pale hivyo, kwa macho ya kazi. Akaanza kulia tena.

"Umekuwa hivi tangu usichana?"

"Ndiyo."

"Halikubadilika ghafla juzijuzi? Huna kivimbe kilichokuwepo kabla ya uzazi? Ngozi haijaingia ndani?"

"Hapana. Ni hili tu la kushoto, tangu alfajiri."

"La kushoto limeziba maziwa, limepata uambukizo. Nitamwita daktari akuandikie dawa, na usiache kulinyonyesha. Ukiliacha litatunga jipu. Anza na upande huu mdogo, likishuka lile lingine umhamishie. Mpakate hivi, kwapani, miguu yake nyuma, asikuvute chuchu." Akamwonyesha kwa kitenge kilichokunjwa. "Na huo uji?"

"Mama mkwe..."

"Uji ngoja mpaka afikishe miezi sita. Sasa ni maziwa matupu. Wote wawili utawaleta tuwapime."

"Wote wawili nani?"

"Mtoto na ziwa," Loyce akasema, na Tatu akacheka bila kutegemea, kicheko chenye makamasi.

"Nesi, hili dogo... si bovu?"

"Bovu nani kasema? Ukubwa mwingi ni mafuta tu, maziwa yanatengenezwa ndani. Wapo ambao upande mmoja unatoa kidogo, hao tunawasaidia. La kwako linamwagika mpaka kwenye shuka yangu, huoni? Wanawake wengi hawako sawa. Mimi mwenyewe nikivaa sare ya kwaya najua mwenyewe." Akaandika kitu, akaongeza bila kuinua sauti, "Ukimaliza kulea, kama bado linakukosesha raha, zipo hospitali kubwa, wapo madaktari wa kurekebisha. Si bei ya nyanya, na si dhambi kutaka. Hata kitambaa ndani ya sidiria si dhambi. Ila kiwe kikavu, na uwe umetaka wewe."

Alilazwa, akatibiwa, akaruhusiwa. Akapanda gari la Handeni, safari hii na mtoto aliyelala.

Misima, mama yake alimpokea vizuri. Akampikia, akamfulia, akambeba mjukuu mgongoni. Hakuuliza. Tatu alipoanza kunyonyesha barazani, upande wa kulia kwanza, bila sponji, mama yake alikwenda kuchochea moto. Kuku mmoja tu ndiye aliyebaki kumtazama.

Ikram akaongezeka. Shingo ikapata mikunjo, mashavu yakarudi, kilio kikapata nguvu ya kugombana na majirani. Tatu akamhesabia kila tone. Akawa anangojea simu, akiwaza: wakimwona tu mtoto, yameisha. Huyu mtoto ndiye shahidi wangu.

Simu ikaja jioni moja.

"Mtoto anaendeleaje?" Sadala.

"Amenenepa. Ukimwona hutamjua."

Upande wa pili mtu akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Basi mama alisema kweli."

"Alisema nini?"

"Dawa. Mganga alimchanganyia hukuhuku. Mama alimtajia jina."

"Jina la nani, Sadala?"

"Si muhimu. Mtoto amepona, ina maana jina lilikuwa lenyewe." Akaongeza, "Baba amesema ukirudi ukaomba radhi, yatakwisha. Watu wameshasamehe."

Tatu alikaa chini, hapo alipokuwa, kwenye vumbi la uani. Unaona kilichofanyika? Mtoto angekufa, ingekuwa ushahidi kwamba amezini. Mtoto amepona, umekuwa ushahidi kwamba amezini. Maziwa yake mwenyewe yamekwenda kutoa ushahidi dhidi yake.

Akavuta pumzi. Mama yake alikuwa jikoni, baba yake kwenye kiti cha uvivu barazani, majirani wanapita na ndoo.

"Sadala, sikiliza," akasema, tena kwa sauti ya kusikika barabarani. "Kila alfajiri nilikuwa nakwenda kukamua ziwa langu la kulia. Lile dogo. Unalijua. Mama yako alilikataza, likawa linajaa, nikawa nakamulia ukutani. Kaangalie ukuta wa bafu, una alama. Nilipoanza kumpa mtoto, mtoto akapona. Ziwa. Umenisikia? Ziwa."

Baba yake alinyanyuka kwenye kiti, akaingia ndani. Ndoo mbili zikaongeza mwendo barabarani.

Kwenye simu, sauti ndogo ya Sadala: "Usiniambie mambo hayo. Niko na watu." Ikakatika.

Tatu hajarudi Mnyuzi kuomba radhi. Yuko Misima mpaka ninavyoandika, barazani kila jioni, anaanza upande wa kulia anamalizia kushoto, na wapitao njia wote ghafla wana shughuli na mahindi yao. Na kule Mnyuzi kuna mwanamume asiyejijua, ambaye jina lake limesagwa kwenye chungu cha mganga. Na yule Mama Muhsin binti yake anakaribia kujifungua, na maji ya kumkanda yatachemshwa na mikono ileile ya Bi Mwanaidi, na wewe umeshaambiwa siku ya kwenda kunywa chai.

Nyanyuka. Usimalize hicho kikombe. Nenda kwa Mzee Mbaruku leo, kabla ya magharibi, useme uliona, ueleze alikuwa anakwenda wapi, na ulitaje neno lenyewe mbele ya wanaume wenzako mpaka lizoeleke. Ukirudi, gonga mlango wa binti yako anayeanika vitambaa ndani ya foronya, umwambie hajaharibika, na kama moja limebadilika ghafla mwongozane hospitali kesho asubuhi, wewe ukiwa mbele. Ana mtoto mchanga? Muulize ni lipi amekatazwa, umpeleke kwa muuguzi, na asipoinua uso usiondoke pale mpaka ainue. Usiniambie utafikiri. Mtoto wa mtu ana njaa na ukuta unakunywa. Litaje. Sasa hivi, hapo ulipo, kwa sauti: ziwa.